Jua Lililomkatiza Bibi

Nyumbani
9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua kwa mtu wa mbali huenda kwa adabu: salamu kwanza, habari za nyumbani pili, jambo lenyewe mwisho. Nitafuata hivyo, ingawa jambo lenyewe linanisukuma mgongoni.

Sisi ni wazima. Mama bado yuko zamu ya asubuhi hospitalini. Anakusalimu na anasema ule mguu uliokanyaga msumari usiuache hivi hivi. Bibi ni mzima pia. Wiki hii ameshona magauni matatu na suruali ya muoka mikate, ambaye kiuno chake kimeongezeka tena, na Bibi akamwambia hivyo mbele ya mkewe. Mimi nimekuwa wa nne darasani. Nilikuwa wa tatu, lakini amehamia msichana mmoja kutoka shule nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, redio ilikatika ukiwa unazungumza na Bibi. Nimeandika kwenye daftari la redio kama marehemu Babu alivyonifundisha: tarehe, saa, nani alisikika na kwa nguvu gani. Maneno yako ya mwisho yalikuwa, "Mama, kuna jambo nataka." Baada ya hapo ulisikika mvumo tu, kama mafuta kwenye kikaango. Nilikagua betri, nikakagua plagi, nikatoka uani kukagua antena. Niliporudi nilimkuta Bibi ameshika kipaza sauti mwenyewe, amekibana kitufe kwa vidole vyote kama kawaida yake, anazungumza.

Unajua jinsi ninyi wawili mnavyozungumza tangu uondoke. Miaka miwili sasa, kila Jumamosi, ni habari za mvua na mafua. Siku hiyo haikuwa mvua wala mafua. Alivua miwani kwanza. Alizungumza kwa dakika moja hivi. Alichosema siwezi kukuambia, kwa sababu baadaye aliniapisha, mkono wangu juu ya cherehani. Ninachoweza kusema ni kwamba sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote maneno hayo, hata Mama.

Kisha akakiachia kitufe akasubiri. Ulikuwa mvumo tu. Akasubiri tena. Nikasema, "Bibi, nadhani hasikii."

Akasema, "Amesikia. Amezima."

Tangu siku hiyo ameshusha antena, ule waya wa Babu wa mita ishirini, na ameufunga chini kidogo kati ya ukuta na nguzo. Anaanikia shuka. Kipaza sauti amekifungia kwenye droo ya vifungo na ufunguo anao shingoni. Kwa kuwa huko kambini simu haishiki, imebaki barua. Wewe sasa anakuita Fundi Mota, kwa ajili ya ile mota ya cherehani uliyoichukua, basi, hata jina hataji.

Mjomba, naomba unijibu ukweli. Ulizima?

Mpwa wako anayekuheshimu.


Kambi ya Visima
24 Machi

Mpwa wangu Karani,

Marahaba. Barua yako imekuja na lori la mahitaji, ikiwa imebanwa kati ya gunia la vitunguu na tairi, kwa hiyo ukiona hii yangu inanuka, ujue ya kwako ilianza. Mguu umepona. Mwambie dada yangu nilioga kwa dawa siku tatu mpaka mpishi akalalamika. Kisima cha saba tumechimba mita tisini na tumepata vumbi safi kabisa. Jenereta zote mbili zinafanya kazi, moja kwa ajili yangu na nyingine kwa huruma za Mungu. Kuwa wa nne si msiba. Mimi niliwahi kuwa wa nne kutoka chini na leo naaminiwa na mashine.

Sikuzima. Mimi nilisema nilichokuwa nasema mpaka mwisho, nikasema "zamu yako" kama Babu alivyotufundisha, nikasubiri. Kimya. Nikasubiri mpaka chai ikapoa. Nikajua mama yangu amenisikia na ameamua kuninyamazia. Kwa kuwa kunyamaza si mazoea yake, niliona hiyo ni adhabu maalumu. Nikaifunga redio ndani ya sanduku lake, na imo humo mpaka leo.

Lakini barua yako imenifikirisha. Asubuhi ile hata redio ndogo ya mpishi, inayoshika stesheni za mbali, ilikufa muda huo huo, na mpishi akamlaumu paka. Mtuhumiwa wangu ni jua. Mara kwa mara linalipuka juu ya uso wake, na mwale wa mlipuko unatufikia kwa dakika nane. Sauti zetu za redio husafiri kwa kupanda angani, kugonga tabaka lililo juu sana na kurudi chini mbali. Chini ya tabaka hilo kuna jingine, ambalo siku za kawaida hutuachia tupite. Mlipuko ukilipiga, linazimeza sauti zote, nusu saa, pengine saa nzima, na upande wa dunia ulio mchana pekee. Watu wanaoangalia jua kwa kazi huandika kila mlipuko na saa yake. Muulize mwalimu wako wa Fizikia, ana kompyuta.

Umeniuliza kwa adabu kama nilizima, ila hukuniuliza nilisema nini. Nakujibu hata hivyo: si jambo kubwa. Nilizungumza habari za hali ya hewa.

Na kuhusu mota: nilikuwa nairudisha. Kila mtu anasahau kwamba nilikuwa nairudisha.

Mjomba wako.


Nyumbani
6 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sote ni wazima. Mama amehamishiwa zamu ya usiku. Bibi amekata kitambaa cha sare za shule za muhula ujao, kwa hiyo sebule haina pa kukanyaga. Muoka mikate amerudisha suruali. Mimi ni wa nne bado.

Ninaandika kwa huzuni. Mwalimu wa Fizikia alifurahi sana kuulizwa swali ambalo halipo kwenye mtihani, akanifungulia orodha ya milipuko ya jua. Tarehe 2 Machi kulikuwa na mlipuko mkubwa kweli. Ulianza saa 7:06 na kufika kilele saa 7:13. Daftari langu linasema tulikatika saa 4:12.

Mjomba, ni tofauti ya saa tatu. Sisi tulikatika asubuhi, jua likalipuka mchana, wakati Bibi amekwisha kula na amelala. Nimeangalia orodha mara tatu. Asubuhi hakuna mlipuko mwingine, hata mdogo. Ninakiamini ulichoniambia kwa sababu wewe ni mjomba wangu, ila daftari nalo ni daftari la Babu. Jua halina hatia.

Sijamwonyesha Bibi. Nilitaka nikuonyeshe wewe kwanza, ili kama kuna kitu ulisahau kuniambia, kwa mfano kwamba ulijikwaa kwenye waya wa umeme, uniambie sasa. Sitakasirika.

Kuhusu mota, Bibi anasema ulikuwa unairudisha kama ambavyo muoka mikate anapungua.

Mpwa wako, ambaye bado anatumaini.


Kambi ya Visima
21 Aprili

Karani,

Marahaba, na kaa chini. Nimemsomea mpishi barua yako na amecheka mpaka ameunguza wali. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi niliwahi kufanya kosa hilo hilo nikiwa na miaka kumi na mitano, na Babu alinicheka kwa wiki mbili.

Watu wanaoangalia jua wako kila nchi. Hawawezi kila mmoja kuandika saa ya ukutani kwake. Wamekubaliana saa moja ya dunia, nayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Sasa tazama saa yoyote ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye kumi asubuhi, sisi tunasema saa nne. Wakati huo huo saa ya dunia mshale wake uko kwenye saba, na wao wanaisoma saba kama ilivyoandikwa. Saba yao ya kwenye orodha na nne yako ya kwenye daftari ni wakati mmoja. Kilele saa 7:13, sisi tukakatika saa 4:12. Dakika moja, Karani. Jua lina hatia mpaka shingoni.

Na ukitaka ushahidi, ingia sebuleni uangalie saa ya Babu iliyo juu ya kabati la vitambaa. Ile ambayo familia nzima tunasema ni mbovu kwa sababu inachelewa saa tatu.

Sasa na mimi nina jambo lenyewe. Kazi hapa inaisha. Mwajiri anataka tuhamie mbali zaidi, mkataba wa miaka miwili mingine, na karatasi lazima iwe imetiwa saini ifikapo tarehe 15 Juni. Huko redio yangu haitafika kwenu, nimepiga hesabu. Wenzangu wamekwisha kutia saini. Mimi yangu iko ndani ya mfuko wa shati, imeanza kulowa jasho. Nilitaka kusikia neno kutoka kwa mtu fulani kabla sijashika kalamu. Neno likija, narudi. Lisipokuja, nitajua nilipo.

Hili usimwambie Bibi. Sitaki nirudishwe kwa kuhurumiwa. Nakuapisha, mkono juu ya hiyo hiyo cherehani.

Mjomba wako.


Nyumbani
5 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sote ni wazima, na salamu za Mama zipo, naomba uzichukulie kuwa ndefu kwa sababu leo nina mengi. Sasa nina viapo viwili juu ya cherehani moja. Bibi akiniomba nitunge uzi najifanya sioni tundu la sindano.

Niliingia sebuleni na barua yako nikasimama chini ya saa ya Babu. Saa ya mkononi ya Mama ilisema saa kumi na nusu jioni. Ya Babu ilisema saa saba na nusu. Saa tatu kamili, Mjomba, hata dakika haikukosea. Nilijisikia kama nimekaa na mtu maisha yangu yote na sijawahi kumuuliza jina.

Nikamwita Bibi. Nimejaribu kuyaandika mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

"Bibi, hii saa si mbovu."

"Ni mbovu tangu siku ya kwanza. Babu yako aliinunua ikiwa mbovu na akaipenda hivyo hivyo."

"Kama ni mbovu, kwa nini unaitia ufunguo kila Jumapili?"

"Ili isizidi kuharibika."

Nikamweleza saa ya dunia. Nikamwonyesha orodha na daftari, saba na nne, dakika moja kati yake. Alisoma kwa muda mrefu, akauliza kama jua linaandikwa na serikali. Kisha nikamweleza matabaka ya angani kwa njia ninayoona angeielewa. Nilisema sauti ya Mjomba hupita kwenye tabaka la chini kama upepo kwenye chandarua. Jua likilipuka, chandarua kinageuka blanketi.

"Nani amebadilisha kitambaa?"

"Jua, Bibi."

"Bila kupima?"

"Bila kupima."

"Na jua lilijuaje kwamba nazungumza na Fundi Mota?"

"Halikujua. Lilikata upande mzima wa dunia uliokuwa mchana."

Akarudia polepole, "Upande mzima wa dunia," na nilimwona kama amefurahi kidogo, maana ni watu wachache wanaohitaji hatua kubwa hivyo ili kunyamazishwa. Akavuta kiti, akashona pindo zima la gauni.

Mwisho akasema, "Kwa hiyo hakusikia."

"Hakusikia, Bibi. Na yeye alisema kitu ambacho sisi hatukusikia."

"Alisema nini?"

"Anasema ni habari za hali ya hewa."

"Hm," akasema Bibi.

Nikamwomba arudie alichosema. Akakataa. Anasema neno kama lile mtu hulisema mara moja, na kama jua limelichukua basi jua linalo. Nilipoona hivyo nilimwomba kitu kidogo zaidi, waya upandishwe na akae tu karibu na redio. Alifikiri. Amekubali Jumamosi ya tarehe 1 Juni saa nne asubuhi, baada ya kufua siku ya Ijumaa ili shuka ziwe zimekauka. Atasikiliza tu. Mtu wa kwanza kuzungumza ni wewe.

Mjomba, tafadhali toa redio ndani ya sanduku. Mwalimu anasema mwaka huu jua lina madoa mengi na milipuko ni karibu kila wiki, kwa hiyo ukisikia mvumo usifunge. Kaa hapo hapo. Blanketi huondoka lenyewe.

Mpwa wako.


Kambi ya Visima
19 Mei

Karani,

Marahaba. Niko mzima. Kisima cha nane kimetoa maji, matamu, na mpishi ameoga hadharani.

Redio iko mezani. Nimeipangusa. Tarehe 1 Juni saa nne nitakuwepo, na nitakaa hata kama chai itaganda.

Ila mimi nilizungumza kwanza mara ya kwanza. Nilizungumza nikamaliza. Nitasema "habari za asubuhi, Mama", kisha nitasikiliza. Zaidi ya hapo zamu ni yake.

Karatasi bado iko mfukoni.

Mjomba wako.


Nyumbani
1 Juni, mchana

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba radhi kwa mwalimu wa Kiswahili, leo sitoi habari za nyumbani. Nataka ujue upande wetu ulivyokuwa, kwa sababu wewe ulisikia mwisho tu.

Waya tuliupandisha saa tatu, Mama akishika ngazi akiwa bado na sare ya kazi. Bibi alitoa kipaza sauti kwenye droo ya vifungo, akakipangusa na kitambaa cha hariri. Alivaa gauni lake la sherehe. Nilimwambia redio haionyeshi picha. Akasema hakuniuliza.

Ilipofika saa nne kamili niliwasha. Bendi nzima, yaani masafa yote tunayotumia, ilikuwa tupu. Hata wale wazee wawili ambao kila Jumamosi hubishana kuhusu betri hawakuwepo. Mvumo tu, ule ule wa mafuta kwenye kikaango. Tulikaa dakika ishirini. Bibi alikuwa amenyooka kama amepigwa pasi akiwa ndani ya gauni.

Akauliza, "Ni jua tena?"

"Nadhani ni jua, Bibi. Hakuna mtu hata mmoja anayesikika."

"Kwa hiyo hasikii."

"Hasikii."

"Hasikii kabisa?"

"Kabisa, Bibi. Blanketi."

Akanyoosha mkono. "Basi nipe hicho."

Mjomba, naapa kwa mara ya tatu, sikumdanganya. Niliamini hivyo. Saa nne na dakika ishirini na moja Bibi alivua miwani, akakibana kitufe kwa vidole vyote, akaanza. Alisema yote ya tarehe 2 Machi, neno kwa neno, akaongeza mengine. Kwa kuwa alijua hakuna anayemsikia, hakuharakisha. Alizungumza kwa raha kama mtu aliye peke yake bafuni. Mama alikuwa mlangoni na ngazi bado mkononi.

Unajua kwamba kitufe kikibanwa upande mmoja, upande mwingine hauwezi kuingia, na mwenye kukibana hasikii kitu. Bibi hajawahi kukiachia kwa hiari. Dakika tano zikapita, dakika nane. Nilishika mgongo wa redio, ukawa na joto kama pasi. Nikamgusa bega. Akanitazama kama ninavyotazamwa ninapokanyaga kitambaa. Alimaliza saa nne na dakika thelathini na mbili. Dakika kumi na moja. Akakiachia kitufe, akavaa miwani, akasema, "Sasa zima, twende tukatoe maharage jikoni."

Na hapo sauti yako ikatoka, safi, kama uko nyuma ya pazia:

"Mama, nimekusikia. Kuanzia kwenye vifungo."

Kwa kuwa sehemu hiyo uliisikia, naona kiapo changu hakihusu tena, na nimeiandika kwenye daftari la Babu ili isipotee. Alisema: "Nilikuambia mbele ya wateja wangu kwamba kifungo kimoja cha shati kina kazi kuliko wewe. Nimeshona vifungo miaka arobaini. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniuliza nimeamkaje. Wewe kila Jumamosi unaniuliza. Sare sitini nilizimaliza kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, na mkono umepona zamani, kwa hiyo sijui kwa nini bado nasema unauma. Mota ukiwa nayo njoo nayo, ukiwa umeipoteza njoo bila. Chumba chako nimejaza vitambaa lakini vitambaa vinahamishika. Rudi nyumbani, mwanangu, mimi sijui kuzungumza na mashine."

Uliposema "kuanzia kwenye vifungo", Bibi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akanipa kipaza sauti.

"Mwambie redio imepata joto," akasema, akaenda jikoni.

Nikakuambia redio imepata joto. Ukasema "haya". Tukazima.

Mwalimu amepata orodha mchana huu, nami nimeisoma kwa saa ya Babu. Mlipuko ulianza saa 6:48 ya dunia, yaani kabla hatujawasha. Nadhani blanketi liliondoka Bibi akiwa katikati. Hakuna aliyelipanga.

Mjomba, hukusema kuhusu karatasi. Ninajua una mpaka tarehe 15. Sijamwambia Bibi, na naona ni vizuri kwamba sikumwambia, kwa sababu alichosema alikisema bila kujua. Huo ndio ushahidi wangu wa mwisho. Sina mwingine.

Mpwa wako.


Kambi ya Visima
9 Juni

Karani,

Marahaba.

Karatasi ilikuwa mfukoni siku ile. Baada ya kuzima redio nilitoka nje, nikamkuta mpishi anatafuta kitu cha kuwashia jiko. Ugali wa siku hiyo uliiva vizuri. Mwajiri amenuna, ila jenereta amepata mtu mwingine wa kuzionea huruma.

Nakuja na lori la tarehe 20. Mota iko chini ya kitanda changu, imefungwa ndani ya fulana, imetiwa grisi kila mwezi kwa miaka miwili. Mwambie hivyo, au usimwambie, ataiona.

Swali moja nakuuliza wewe kama karani. Alizungumza dakika kumi na moja. Mimi nilisikia dakika nne. Nimekaa hapa na hizo saba nyingine, nazigeuza geuza. Sitaki uvunje kiapo. Muulize tu mwenyewe kama kuna lolote humo ambalo ningepaswa kulijua kabla sijafika mlangoni.

Na akiuliza nilichosema mimi tarehe 2 Machi, jibu ni lile lile.

Mjomba wako.


Nyumbani
17 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huenda barua hii ikapishana nawe njiani, lakini swali lililoulizwa hujibiwa, kwa hiyo ninaandika.

Sote ni wazima. Mama amebadilishana zamu ili awepo tarehe 20. Vitambaa vimehamishwa chumbani kwako na sasa viko juu ya kitanda changu. Muoka mikate ameacha kula mikate yake. Nimekuwa wa pili, na yule msichana mgeni ameniomba nimfundishe kutumia redio.

Jana ilikuwa siku ya kutia ufunguo saa ya Babu, lakini Bibi aliniachia mimi. Alisimama pembeni akahakikisha siigusi mishale. Nilipomaliza nikamsomea swali lako.

Alikuwa anashona kifungo. Alikimaliza, akakata uzi kwa meno, akaniambia niandike hivi: kwamba hizo dakika saba za mwanzo zilikuwa habari za hali ya hewa.

Mimi nilikuwepo, Mjomba, na nimeandika kama alivyosema. Ukifika usimuulize mvua ilikuwa kiasi gani. Mpe tu hiyo mota, kisha mkae, na mtu asishike kitufe chochote.

Mpwa wako.